Mitego Inayobaki Mwilini: Mapitio ya Dungeon Master's Guide ya Mwaka 2014

Kitabu ninachokipitia hapa ni mwongozo wa msimamizi wa mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la tano, kilichotoka mwaka 2014 kikiwa na kurasa 320 na bei ya jalada ya dola 49.95 za Marekani. Sitakipitia chote. Nataka kupima jambo moja ambalo kundi letu la wachezaji hapa Tanga linalijali kuliko mengine: je, kitabu hiki kinamwezesha msimamizi kutunga mtego ambao athari yake haiishii pale pale, bali inamfuata mhusika kesho, keshokutwa na hata wiki ijayo? Jibu langu ni kwamba kinamwezesha, tena kwa kiasi kikubwa, ila msaada wenyewe umetawanywa katika sura tatu zisizosomana, na sehemu inayobeba jina la mitego ndiyo yenye upungufu mkubwa kuliko zote.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, maelezo mafupi yatatosha. Dungeons & Dragons ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na watunzi wawili wa Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi kuzunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao, yaani msimamizi, husimulia mahali walipo na mambo yanayowakuta, kisha dadu yenye pande 20 ndiyo huamua kama jambo gumu limefaulu au limeshindikana. Afya ya mhusika huhesabiwa kwa pointi za uhai. Mitego imekuwa sehemu ya mchezo huu tangu siku zake za mwanzo, kwa sababu hadithi nyingi hufanyika chini ya ardhi, katika makaburi ya kale, mahandaki na mapango, mahali ambapo mwenyewe aliyejenga hakutaka mgeni apite.

Mitego inaelezwa katika sura ya tano, na nianze na sifa zake, kwa kuwa zipo na ni za kweli. Waandishi wanaigawa mitego katika madaraja matatu ya ukali: mtego wa kukwamisha, mtego wa hatari na mtego wa kuua. Kila daraja limepewa kiwango chake cha ugumu, yaani namba ambayo dadu inapaswa kuifikia ili mhusika afaulu: 10 hadi 11 kwa ule wa kukwamisha, 12 hadi 15 kwa ule wa hatari, na 16 hadi 20 kwa ule wa kuua. Jedwali linalofuata linaonyesha madhara kulingana na ngazi ya wahusika, yaani hatua ya nguvu na uzoefu waliyofikia, hivi kwamba wahusika wa ngazi ya 1 hadi ya 4 wakikanyaga mtego wa hatari hupoteza pointi za uhai sawa na jumla ya dadu 2 za pande 10, ilhali wa ngazi ya 5 hadi ya 10 hupoteza dadu 4 za aina hiyo hiyo. Jedwali hilo ni dogo, lakini limeniokolea muda mwingi wa maandalizi. Msimamizi anayeanza kazi hii, ambaye hana uzoefu wa kukadiria ni kiasi gani kitaumiza na kiasi gani kitaua, anaweza kuliamini kabisa.

Upungufu unaonekana pale unapoisoma mifano ya mitego yenyewe huku ukiikumbuka kanuni ya mapumziko marefu. Katika toleo hili mhusika akipumzika kwa saa 8 hurudishiwa pointi zake zote za uhai. Sasa tazama mifano. Shimo lililofichwa humwangusha mtu na kumpunguzia pointi. Analala, anaamka mzima. Sanamu inayotema moto huunguza kwa dadu 4 za pande 10. Analala, anaamka mzima. Sindano yenye sumu iliyofichwa ndani ya kufuli humchoma mfungua sanduku, na asipofaulu jaribio lake sumu hiyo humdhoofisha kwa saa 1, muda ambao kundi lenye subira huumaliza kwa kuketi tu. Upande wa pili wa orodha hiyo hiyo kuna uso mkubwa wa jiwe wenye mdomo uliojaa giza, na chochote kinachoingia ndani ya giza hilo hutoweka papo hapo, mkono au kichwa, bila mjadala. Hivyo mifano ya kitabu inagawanyika katika makundi mawili: ile inayofutika kabla ya asubuhi na ile inayomaliza kila kitu mara moja. Katikati, mahali ambapo hadithi nzuri huishi, hakuna kitu.

Mtu aliyekulia pwani hii anaiona kasoro hiyo upesi, kwa sababu mtego anaoujua zaidi ni dema. Dema halimuui samaki. Mdomo wake ni mpana kwa nje na unazidi kuwa mwembamba kwa ndani; samaki anafuata chambo bila taabu, na kuanzia hapo yu hai, anaogelea, ila kila anachokifanya anakifanya akiwa ndani ya dema. Mtego wa mezani unaofaa kuitwa mtego unapaswa kufanya kazi kwa namna hiyo: mhusika aendelee kuishi na kuamua mambo yake, lakini maamuzi yake yote yaanze kuhesabu kile kilichompata.

Jambo la kushangaza, na la kufurahisha, ni kwamba waandishi wa kitabu hiki wanalielewa hilo vizuri. Wamelieleza mahali pengine tu. Katika sura ya nane, inayohusu uendeshaji wa mchezo, kuna sehemu fupi ya magonjwa, na ndani yake kuna ugonjwa mmoja wa macho ambao kwa maoni yangu ndio mtego bora kuliko yote iliyomo kitabuni, ingawa haukuwekwa kama mtego. Mhusika akinywa maji yaliyochafuliwa na asifaulu jaribio la kiwango cha 15, hahisi kitu. Siku moja baadaye macho yanaanza kuona ukungu, na anapunguziwa 1 katika mashambulizi na majaribio yote yanayotegemea kuona. Baada ya kila mapumziko marefu upungufu huo unaongezeka kwa 1. Ukifika 5, anapofuka. Dawa ipo: ua adimu linaloota katika baadhi ya mabwawa, ambalo mjuzi wa mitishamba hulitengeneza kuwa marhamu kwa muda wa saa 1. Marhamu hiyo ikipakwa machoni kabla ya kulala huzuia ugonjwa usizidi usiku huo, na dozi tatu huuponya kabisa.

Angalia ustadi uliomo humo. Kwanza, madhara yanachelewa, kwa hiyo wachezaji hawajui ni wapi walipokosea hadi wakae na kukumbuka safari yao yote. Pili, usingizi, ambao katika kila mtego mwingine ndio dawa, hapa ndio unaozidisha maradhi. Tatu, tiba inajulikana na inatafutika, kwa hiyo mchezaji hakati tamaa. Anapata safari mpya. Mimi niliuweka ugonjwa huo ndani ya kisima chenye kikombe cha fedha kilichoning'inizwa kwa mnyororo, ndani ya pango ambalo mlango wake hujifunga nyuma ya anayeingia, ili kiu yenyewe iwe chambo. Ua la dawa sikuliweka bwawani. Nililihamishia milimani, likawa ua la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, kama yale yanayoota katika Milima ya Usambara, na kila mchezaji mezani akaiona njia ya kupanda huko akilini mwake bila kuhitaji ramani. Mchezaji wetu mwenye mhusika mpiga mishale ndiye aliyekunywa. Tangu siku hiyo alianza kuuliza umbali kabla ya kila mshale, na wenzake wakaanza kumtanguliza mtu mwingine katika zamu ya kulinda usiku bila kuambiwa na yeyote. Hakuna shimo lenye misumari lililowahi kubadilisha mwenendo wa kundi letu kwa kiasi hicho.

Kasoro ya ugonjwa huo ni moja. Mhusika mganga wa ngazi ya 3 tu tayari ana uganga wa daraja la pili (uganga nao una madaraja yake ya nguvu) unaoondoa ugonjwa wowote kwa kugusa, na akiutumia safari nzima ya kwenda milimani inakufa kabla ya kuanza. Kwetu tumekubaliana kwamba uganga huo unazuia macho yasizidi kuharibika, lakini hauyarudishi. Kuyarudisha ni kazi ya ua. Badiliko hilo ni dogo na halimnyimi mganga heshima yake, kwa kuwa bado ndiye anayewanunulia wenzake muda.

Sehemu ya tatu imo katika sura ya tisa, sura ya karakana, ambamo msimamizi anapewa kanuni za hiari. Humo kuna jedwali la majeraha ya kudumu linaloamuliwa kwa dadu ya pande 20. Ukipata 1 mhusika anapoteza jicho; 2, mkono; 3, mguu; 4, anachechemea. Zinafuata jeraha la ndani, mbavu zilizovunjika, kovu baya, kidonda kinachooza, na mwisho kuanzia 17 hadi 20 ni kovu dogo lisilo na madhara. Kitabu kinapendekeza dadu hiyo irushwe mhusika anapopata pigo kali kupita kawaida, anaposhuka hadi pointi 0 bila kufa, au anaposhindwa kwa tofauti ya 5 au zaidi katika jaribio la kujinusuru na kifo. Mitego haikutajwa kama chanzo, nami naiona hiyo kuwa nafasi iliyopotezwa, kwa maana mapigano yana bahati nyingi ilhali mtego umetungwa na mtu mwenye nia, na nia hiyo ingeweza kuonekana katika aina ya jeraha.

Safu ninayoipenda zaidi katika jedwali hilo ni kidonda kinachooza. Kila saa 24 kinapunguza kilele cha pointi za uhai kwa 1, na kilele hicho kikifika 0 mhusika anafariki. Mwenzake anaweza kukitibu mara moja kwa siku kwa jaribio la tiba la kiwango cha 15, na baada ya mafanikio 10 kidonda hupona. Hii ni kanuni yenye utu ndani yake. Inamlazimisha mtu mmoja kumhudumia mwingine kila jioni, na mezani jambo hilo huzaa mazungumzo ambayo msimamizi hawezi kuyaandika mapema.

Lakini hata hapa uzani haujakaa sawa. Kidonda hicho chenye simulizi nzuri namna hiyo hufutwa na uganga wowote wa kuponya, hata ule wa daraja la kwanza ambao karibu kila kundi linao tangu siku ya kwanza. Jicho au mkono uliopotea, kwa upande mwingine, hudai uganga wa daraja la saba, ambao mganga haufikii kabla ya ngazi ya 13. Kwa kundi la ngazi ya 3 hiyo ni sawa na kusema kamwe. Ni pengo lile lile tulilolikuta katika sura ya mitego: ama linaisha leo, ama haliishi. Sura hiyo hiyo inatoa pia kanuni ya hiari inayorefusha mapumziko marefu kutoka saa 8 hadi siku 7. Tumeijaribu, na ni kweli kwamba mashimo na mishale huanza kuogopwa, ila inarefusha kila kitu kwa pamoja, pamoja na mapigano madogo ambayo hayakustahili uzito huo, kwa hiyo siipendekezi kwa mtu anayetaka kutengeneza mitego yake tu.

Dawa ninayoipendekeza ni kuyasomesha pamoja madaraja matatu ya sura ya tano na muda wa athari, jambo ambalo kitabu kilipaswa kulifanya chenyewe. Mtego wa kukwamisha uache alama inayodumu hadi mapumziko marefu yajayo. Mtego wa hatari uache alama ambayo usingizi na uganga mdogo haviigusi, ila mikono ya mwenzako na subira ya siku kadhaa vinaiondoa. Hapo majaribio ya tiba matano yaliyofaulu yanatosha, kwa sababu 10 huchosha meza. Mtego wa kuua, badala ya kuua, uache alama inayohitaji safari: ua, mganga fulani wa mbali, kaburi linalodai kurudishiwa kilichochukuliwa. Ukipanga hivyo, jedwali la kiwango cha ugumu linabaki lilivyo na kila namba yake inaendelea kufanya kazi.

Nitoe mfano mmoja wa mtego tuliouchezea kwa mpango huo, ambao umetokana na dema moja kwa moja. Mahali ni pango la pwani ambalo maji ya bahari huingia yakijaa. Kuta zake nilizichukua kwenye Mapango ya Amboni, takribani kilomita 8 kaskazini mwa mji wetu, ambako ndani ya chokaa kuna njia nyembamba zinazomlazimu mgeni kuinama, popo wapo juu ya kichwa, na bila tochi ya mwenyeji huoni kiganja chako. Mwishoni mwa njia pana mlango wa jiwe usio na mpini, una tundu tu la kuingiza mkono, na ndani ya tundu kuna kamba ya kuvuta. Mkono unaingia kwa urahisi. Kuzunguka tundu, kwa ndani, miiba ya shaba imeelekezwa mbele kama fito za mdomo wa dema, hivyo kutoka ni jambo jingine. Anayechunguza kwa makini na kufaulu kiwango cha 15 anaiona mikwaruzo ya zamani kwenye jiwe, yote ikielekea upande mmoja. Aliyekwisha kunaswa ana njia mbili: angoje wenzake waifungue miiba mmoja mmoja, kazi inayokula muda huku maji yakipanda, au auvute mkono kwa nguvu. Akiuvuta, anatoka mara moja, lakini kwa muda wote hadi atibiwe na majaribio matano yafaulu hawezi kushika kitu kwa mikono miwili.

Aliyenaswa alikuwa mhusika anayepigana kwa upanga mkubwa wa mikono miwili. "Kaka, toa mkono, maji yamefika magotini!" alisema mmoja. "Nikiutoa, nani atakayewalinda huko mbele?" akajibu mwenyewe, na kwa kitambo hakuna aliyerusha dadu. Waliamua kungoja, miiba miwili ikabaki, maji yakafika kifuani, na hapo akauvuta. Upanga wake aliubeba dada mmoja wa kundi katika safari iliyofuata, na yeye akajifunza kutumia ngao. Namba za kitabu zilitumika zote bila kubadilishwa: kiwango cha 15 kwa kuona, dadu 2 za pande 10 kwa madhara ya kuuvuta. Kilichoongezwa ni muda tu.

Kuna sharti moja ambalo ningependa kitabu kingelisisitiza zaidi katika sehemu ya majeraha. Kinamshauri msimamizi ajiulize kama kanuni mpya itawapendeza wachezaji, lakini jeraha la kudumu si kanuni ya kawaida kama kanuni ya kubeba mizigo. Mchezaji anaweza kuwa na ndugu aliyepoteza mguu, au mwenyewe anaishi na maradhi ya macho, na hapendi kuyakuta tena jioni anapokuja kupumzika. Kwa hiyo kabla ya hadithi kuanza msimamizi aulize waziwazi, mtu kwa mtu ikibidi, ni athari zipi zinakubalika na zipi zisitajwe, na jibu la mtu lisidaiwe sababu. Aidha, kila mtego unaoacha alama uwe na dalili inayoweza kuonekana na anayetafuta. Mkwaruzo kwenye jiwe, kikombe kisicho na vumbi mahali penye vumbi, mifupa ya panya karibu na kisima: dalili ndiyo inayomfanya mchezaji aseme "ningeangalia", badala ya kusema "umenionea".

Kuhusu kununua. Kitabu kikiagizwa kutoka nje, gharama ya usafirishaji inaongezwa juu ya bei ya jalada, na kwa kundi la vijana hiyo ni fedha nyingi. Nafuu ipo: mnamo Januari 2023 wachapishaji, Wizards of the Coast, waliutoa waraka wa msingi wa kanuni za toleo hili, namba 5.1, kwa leseni huria ya Creative Commons, nao hupakuliwa bure. Ndani yake yamo majedwali ya mitego pamoja na mifano yake, na yamo magonjwa, ukiwemo ule wa macho nilioueleza. Jedwali la majeraha ya kudumu halimo. Mwaka 2024 ulitoka mwongozo mpya wa msimamizi uliopangwa upya, lakini mapitio haya yanahusu ule wa 2014, ambao kanuni zake ndizo zinazoendana na waraka huo wa bure.

Kwa hiyo kundi linaloanza lisinunue kitabu kwa ajili ya mitego. Lipakue waraka, lichapishe kurasa za mitego na za magonjwa, lizibane pamoja, na pembeni ya kila mtego msimamizi aandike kwa kalamu athari itadumu muda gani na nani anaweza kuiondoa. Kundi ambalo tayari linacheza kila wiki na linataka hadithi ndefu litafaidika na kitabu kizima, hasa sura ya tisa, mradi msimamizi awe tayari kuifungua sambamba na sura ya tano na ya nane kila anapoketi kutunga.